Momiji Huonwa kwa Kukaa

Kila inapofika wiki ya mwisho ya Novemba, katika hekalu la Tofukuji mjini Kyoto, Japani, wahudumu husimama juu ya daraja la mbao la Tsutenkyo wakiwasihi watu wasisimame. Chini ya daraja hilo kuna bonde lenye miti ya momiji ipatayo 2,000, ambayo majani yake hubadilika rangi kabla ya kuanguka, na siku hizo bonde zima limeiva, kuanzia manjano ya embe bivu hadi rangi ya damu ya mzee. Kupiga picha darajani hukatazwa siku za kilele, na vilevile kwenye Gaunkyo, daraja la jirani ambalo ni njia ya kupita tu wala halina kiingilio. Mtu amevuka bahari, amelipa takriban yen 1,000, amepanga foleni ndefu, na akifika pale hasa alipopakusudia anaambiwa asogee.

Ukiitazama kwa jicho la usalama, amri hiyo haina kasoro. Daraja ni jembamba, bonde liko mbali chini, na umati unaosimama na simu juu ni umati unaosukumana. Lakini amri hiyo inatibu kikohozi na kuiacha homa. Homa yenyewe ni kwamba nyingi katika bustani za mahekalu ya Kijapani zenye sifa ya momiji zilitengenezwa zitazamwe na mtu aliyeketi kitako, na leo zinaendeshwa kama njia ya kupita. Hilo ndilo linaloharibu momiji kwa mtazamaji kuliko kamera yoyote.

Msomaji wa Lamu, Unguja au Tanga hahitaji kufundishwa baraza ni nini. Wajapani wana yao, huiita engawa: sakafu ya mbao inayozunguka chumba chini ya upenu, nusu ndani na nusu nje. Bustani hulala mbele yake. Urefu wa taa ya mawe, mwinamo wa tawi, umbali wa jiwe hadi jiwe, vyote hupimwa kwa jicho la mtu aliyekaa pale. Hata maporomoko ya maji hayaachwi wazi. Mbele yake hupandwa mti unaoitwa hisensawari, kazi yake ikiwa kuyaziba kidogo, maji yaonekane vipande vipande kati ya majani. Na mara nyingi mti huo ni momiji. Mtu anayepita wima, akitembea, huona majani mengi mekundu. Aliyekaa huona jinsi mkono wa mtunza bustani ulivyoyaweka.

Neno momiji lina maana mbili. Ni kule kubadilika rangi kwa majani, na ni jina la mti unaobadilika vizuri kupita mingine, hasa iroha momiji, ambao wataalamu wa mimea huuita Acer palmatum. Jani lake huwa na ncha zipatazo saba, na Wajapani walizihesabu kwa herufi za mwanzo za mpangilio wao wa kale, i-ro-ha-ni-ho-he-to, kama mtoto wa chuoni anavyoanza na alif, be, te. Kwenda kuyatazama majani hayo huitwa momijigari, yaani kuwinda momiji. Na mwindaji hatoki nyumbani bila kujua windo linapita wapi, na saa ngapi.

Tuanze na rangi inavyopatikana, maana hapo ndipo panapoamuliwa siku ya kwenda. Mtu wa pwani ameiona kazi hii kwenye mkungu: jani pana la kijani linaingia madoa, linageuka jekundu, linaanguka mchangani. Momiji hufanya hivyohivyo, ila mti mzima kwa pamoja, kwa kuwa unaongozwa na baridi na kufupika kwa mchana. Kanuni inayotumika Japani ni hii: joto la chini la usiku likishuka hadi nyuzi 8 za Selsiasi, majani huanza kugeuka, likifika nyuzi 5 au 6, kazi hukimbia, na tangu kuanza hadi kilele huchukua kama siku 20 hadi 25. Mti huvunja klorofili, ile rangi ya kijani, na kuvuta virutubisho kuvirudisha shinani. Manjano yalikuwapo ndani ya jani tangu mwanzo, yamefunikwa tu, na mti wa ginko huishia hapo. Wekundu hutengenezwa upya. Kwenye kikonyo huota tabaka kama kizibo linaloziba njia, sukari iliyotengenezwa mchana inabaki imenaswa ndani ya jani, na kwa msaada wa jua inageuzwa kuwa anthosianini, rangi nyekundu.

Kwa hiyo momiji nzuri inataka vitu vitatu kwa wakati mmoja: mchana wa jua, usiku wa baridi, na unyevu wa kutosha ardhini. Kimoja kikikosekana, jani lenyewe hukuambia. Usiku ukibaki na joto, jani huendelea kupumua na kuitumia sukari yake, na wekundu hutoka wa kutu. Kiangazi kikiwa kikali na kikavu, ncha za jani huungua, zinajikunja na kuwa kahawia kabla hata ya Oktoba, na ncha iliyoungua haiwi nyekundu tena. Kimbunga kikileta upepo wa chumvi kutoka baharini, majani ya upande ule hukauka mtini. Miti iliyo kwenye kivuli kizito hubaki na manjano hafifu. Ukiona bustani yenye momiji nyekundu juu na ya kijani chini, usidhani umekuja mapema. Yawezekana matawi ya chini hayakupata jua mwaka mzima.

Kamusi huuita msimu huu vuli, nasi tunajua vuli ni mvua. Miezi ni ileile, Oktoba hadi Desemba, lakini Novemba ya Kyoto kwa kawaida ni mwezi mkavu, wenye anga safi na usiku unaobana. Anga hiyo safi ndiyo inayotengeneza rangi. Na ratiba yake inahama. Idara ya Hali ya Hewa ya Japani huandika kila mwaka siku ambayo momiji za vituo vyake zimegeuka rangi, na rekodi hizo tangu 1953 zinaonyesha kuwa siku hiyo inachelewa kwa karibu siku 3 kila miaka 10. Idara hiyo ilipopunguza uchunguzi wake wa mimea na wanyama mwaka 2021, ikabakiza mimea sita tu, momiji na ginko zilibaki kwenye orodha, na ilikuwa sawa zibaki. Viangazi vya 2023, 2024 na 2025 vilikuwa vya joto kuliko vyote tangu takwimu hizo zianze mwaka 1898. Mwongozo wa safari unaokuambia katikati ya Novemba kwa Kyoto unakuelekeza kwenye mwaka uliokwisha pita. Kwa mji wenyewe, siku za kupanga ni kuanzia tarehe 22 au 25 Novemba hadi wiki ya kwanza ya Desemba, ukiiepuka tarehe 23, ambayo ni sikukuu ya kitaifa na watu hufurika.

Anayetoka Nairobi, Muscat au Dar es Salaam hawezi kusubiri utabiri wa Novemba ndipo akate tiketi. Bado ana kinga moja, nayo ni mlima. Kila mita 100 za kupanda hupunguza joto kwa takriban nyuzi 0.6, na Kyoto ni bonde lililozungukwa na vilima pande tatu, mashariki, kaskazini na magharibi. Rangi huanza mlimani Hiei, wenye mita 848 na hekalu la Enryakuji, mwishoni mwa Oktoba na mwanzoni mwa Novemba. Kisha hushuka Takao, kwenye mahekalu ya Jingoji, Saimyoji na Kozanji, na Ohara upande wa kaskazini, wiki moja au mbili kabla ya mji. Kisha mji. Mwisho kabisa ni Tadasu no Mori, msitu wa hekalu la Kishinto la Shimogamo, ambao mara nyingi huwa na rangi hadi Desemba imeingia sana. Ukifika ukakuta mjini bado kijani, panda Takao. Ukikuta Takao matawi matupu, shuka Shimogamo. Mtu aliyepanga hekalu moja kwa siku moja hana pa kukimbilia. Aliyepanga mwinuko ana nafasi ya kusahihisha ratiba yake kwa nauli ya basi. Takao, kwa njia, si mahali pa kujazia pengo. Katika karne ya 16 Kano Hideyori alichora watu wameketi kwenye mikeka chini ya momiji za Takao, wakila na kunywa, na mchoro huo leo ni Hazina ya Taifa iliyohifadhiwa Makumbusho ya Taifa ya Tokyo. Hakuna anayekimbizwa ndani yake.

Siku ikishapatikana, kuna saa. Jani la momiji ni jembamba mno, jua likipita ndani yake huwaka kama karatasi ya kishada. Jua likilipiga usoni hubaki jekundu la kawaida tu. Maana yake simama au kaa ukiwa na jua mbele yako, mti ukiwa kati. Vilima vya mashariki, Higashiyama, viko kivulini asubuhi kwa sababu jua hutokea nyuma yake, hivyo mahekalu ya Eikando, Nanzenji na majirani zao hung'aa alasiri. Arashiyama, magharibi ya mji, hupokea jua la asubuhi. Watu wengi hufanya kinyume kwa kufuata foleni fupi. Na alasiri ya mwisho wa Novemba ni fupi kweli: jua huzama Kyoto karibu saa 10:45 jioni, nalo hupotea nyuma ya vilima kabla ya hapo, wakati mahekalu mengi hufunga milango saa 10 au 10:30. Mwanga wa kufaa Higashiyama ni kama kuanzia saa 7:30 hadi saa 9:30 mchana. Siku ya mawingu isikukatishe tamaa. Bila jua kali wekundu hukolea, na mvua ikishapita mawe huwa meusi na vigoga, zile nyoya za kijani zinazoota kwenye udongo mbichi, huamka. Kwenye bustani yenye vigoga vingi, kama hekalu la Sanzenin huko Ohara, ningechagua siku ya manyunyu kuliko siku ya jua kali.

Sasa pa kukaa. Hosenin, hatua chache kutoka Sanzenin, ina chumba ambacho nguzo na kizingiti hufanya fremu ya picha, na ndani ya fremu kuna msonobari wa miaka ipatayo 700, mianzi na momiji. Kiingilio kinajumuisha bakuli la chai ya matcha na kitamutamu, na hilo halikuwekwa kwa ukarimu peke yake: chai inakukalisha. Bustani hiyo inaitwa Bankanen, na maana ya jina hilo ni mahali ambapo mguu unakuwa mzito kuondoka. Genkoan, kaskazini magharibi ya mji, ina madirisha mawili pembeni kwa pembeni, moja la duara linaloitwa dirisha la kuelimika, na la pembe nne linaloitwa dirisha la mahangaiko, pembe zake zikisimamia kuzaliwa, uzee, ugonjwa na kifo. Momiji ni ileile nje ya madirisha yote mawili. Ukikaa mbali kidogo, si pua dirishani, utaona duara linavyoituliza na mraba unavyoikata. Shisendo, iliyojengwa 1641 na Ishikawa Jozan, ina mwanzi unaojaa maji, ukainama, ukagonga jiwe. Ukikaa kimya unaanza kusikia umbali wa bustani.

Na katika Tofukuji hiyohiyo, wakati umati umeelekea darajani, nyumba ya mkuu wa watawa ina bustani nne zilizobuniwa na Shigemori Mirei mwaka 1939, tiketi yake ni tofauti, na baraza lake kwa kawaida lina nafasi. Upande wa kaskazini kuna mraba wa jiwe na mraba wa kigoga vilivyopangwa kama ubao wa dama, vikipungua kadiri vinavyosogea mbali, na momiji za bonde zikiwa nyuma. Ninaiweka juu ya daraja bila kusita. Daraja lenyewe, kwa wanaodhani wanakanyaga mbao za kale, lilisombwa na kimbunga 1959 na kujengwa upya 1961.

Kuna mapokeo ya hekalu hilo ambayo wasimamizi wa leo wangefaa kuyarudia. Inasimuliwa kuwa mtawa mchoraji Mincho, alipoulizwa na shogun, yaani mtawala wa kijeshi, Ashikaga Yoshimochi anataka zawadi gani, hakuomba dhahabu wala cheo. Aliomba miti ya sakura ya hekalu, ile inayochanua maua Aprili, ikatwe, kwa hofu kwamba baadaye ingewaleta watu wa starehe na kulifanya hekalu uwanja wa tafrija. Ikakatwa. Ndiyo maana Tofukuji leo ina momiji nyingi na hakuna sakura ya kutajika. Umati alioukimbia Mincho mlango wa Aprili umeingia kwa mlango wa Novemba.

Kazi inayofanya baraza lifae haionekani Novemba, na wanaokata tiketi wachache wanaijua. Momiji hupogolewa baada ya majani kuanguka na kabla utomvu haujapanda tena, yaani Desemba hadi mapema Januari. Ukichelewa hadi Februari kovu hutoa maji, tawi hudhoofika na ugonjwa huingia. Mtunza bustani hakati ncha za matawi kwa mkasi kama mtu anayenyoa ua wa michongoma. Ncha iliyokatwa hujibu kwa kutoa vijiti vinene vilivyosimama wima, na umbo lote la mti linapotea. Hufuata tawi hadi linapogawanyika, huliondoa lote kwenye panda bila kuacha kisiki, na kwa kuwa machipukizi ya momiji hutoka mawili mawili yakitazamana, tawi la kati hutolewa ili yale mawili yabaki kama panda ya manati. Lengo ni kupunguza, mwanga ufike matawi ya chini na kigoga kipate jua la kuchujwa. Ile momiji nyekundu hadi chini unayoiona kwenye bustani za Tenryuji au Murinan imepata rangi yake kwenye ngazi ya mtunza bustani, miezi kumi na moja kabla.

Kuna adui mwingine chini ya mti. Mbawakawa mwenye vipapasio virefu hutaga kwenye shina karibu na ardhi, funza wake hula ndani, na dalili yake kubwa ni unga wa mbao uliomwagika kwenye mizizi. Asiyeinama haoni, na mti wa miaka mingi hufa upande mmoja. Mizizi ya momiji pia haiendi chini sana. Udongo ukikanyagwa na maelfu ya viatu huwa mgumu kama sakafu, maji hayapenyi, na kiangazi kinachofuata ncha za majani zinaungua. Hapo ndipo hoja ya umati inapoacha kuwa ya ladha na kuwa ya uhai wa mti: mgeni anayetoka nje ya njia ili asimame chini ya tawi zuri anaikausha momiji ya mwaka kesho.

Majani yaliyoanguka nayo yana hesabu yake. Yakiwa juu ya kigoga siku mbili tatu ni pambo lenye jina lake, chirimomiji. Yakiachwa wiki kadhaa hukinyima kigoga mwanga, hulowa, na chini yake kinaoza na kuwa cheusi. Kwa hiyo wanaofagia kwa ufagio wa mianzi asubuhi wanaamua kila siku kipi kibaki na kipi kiondoke, wakipapasa tu juujuu kwani ufagio mgumu hung'oa kigoga chenyewe. Ukimkuta mtu anafagia sehemu moja na kuiacha nyingine, hajasahau.

Kuna njia tatu ambazo Kyoto imezijaribu kukabiliana na wingi wa watu, na ni rahisi kuona ipi inafanya kazi. Ya kwanza ni ya mlango wazi na makatazo ndani, kama Tofukuji: ingieni wote, msisimame. Ya pili ni ya Saihoji, hekalu la vigoga, ambalo mwaka 1977 liliacha kupokea kila ajaye na kutaka maombi ya mapema. Mgeni hupangiwa siku na saa, na kwa desturi huanza kwa kunakili sutra, maandiko matakatifu ya Kibuddha, akiwa ameketi, ndipo atoke bustanini. Watu walilalamika. Vigoga vikapona. Ya tatu ni ya katikati, ya Murinan, bustani iliyotengenezwa na Ogawa Jihei wa saba kwa ajili ya mwanasiasa Yamagata Aritomo miaka ya 1890, ambako nafasi huwekwa kwa saa na kiingilio hupanda siku za kilele. Rurikoin huko Yase, yenye meza iliyong'arishwa inayoakisi momiji za dirishani, imeingia kwenye utaratibu wa kuweka nafasi siku za msongamano, ikitoza yen 2,000.

Wanaopinga wana hoja, na si ndogo. Hekalu ni mahali pa ibada, haifai kufungwa kwa asiye na intaneti au asiyejua Kijapani. Bei ikipanda, mstaafu wa Kyoto aliyezoea kuja kila mwaka anasukumwa nje na mgeni. Na fedha za Novemba ndizo zinazolipa paa, mafundi wa kuta na ngazi za watunza bustani mwaka mzima. Hoja ya fedha ina historia chungu. Mwaka 1985 Jiji la Kyoto liliweka kodi ya hifadhi ya mji mkuu wa kale, yen 50 kwa mtu mzima anayeingia mahekalu yaliyoorodheshwa. Mahekalu yaliona ni kodi juu ya imani, na kadhaa makubwa, yakiwamo Kiyomizudera na Kinkakuji, yakafunga milango kwa watalii. Kodi ikafutwa 1988. Tangu hapo jiji huwa linatafuta fedha za utalii kwenye vitanda, si kwenye malango: kodi ya malazi ilianza 2018, ikapandishwa Machi 2026 hadi yen 10,000 kwa usiku kwa vyumba vya ghali kabisa.

Mimi naona historia hiyo inaelekeza Tofukuji na Eikando kwenye njia ya kuweka nafasi, ila isiwe nakala ya Murinan. Wiki mbili za kilele, tiketi za saa, sehemu yake ziuzwe mlangoni asubuhi kwa bei ya kawaida kwa wasioweza kuweka nafasi, na wakazi wa mji wapewe siku zao. Kisha, na hili ndilo la muhimu, yale mabaraza yanayofungwa kwa kamba siku za msongamano yafunguliwe tena, mikeka iwekwe. Ukipunguza watu bila kuwakalisha umebadilisha foleni tu.

Fedha zinazotafutwa siku hizi kwa taa za usiku ndizo zinazonitia shaka zaidi. Eikando, yenye momiji zipatazo 3,000, hutoa watu wa mchana, hufunga, halafu hufungua tena saa 11:30 jioni kwa tiketi nyingine. Hivyo wakati ule majani yanapokea mwanga wa mwisho, lango liko kwenye shughuli ya kubadilisha zamu. Taa nazo humulika kutoka chini. Zinaonyesha mgongo wa jani, zinafuta kina cha bustani, na kazi yote ya kupunguza matawi ili mwanga upite kutoka juu inapotea. Isipokuwa pale penye maji matulivu. Bwawa la hekalu la Kodaiji usiku, taa zikiwa kwenye miti ya ng'ambo na maji meusi kabisa, hukupa bonde la pili chini ya miguu, jambo ambalo mchana halikupi. Hapo lipa. Ndani ya Eikando, mchana, usiipite sanamu ya Buddha Amida yenye sentimita 77 ambayo imegeuza uso kutazama nyuma ya bega. Mapokeo yasema mwaka 1082 mtawa Yokan alikuwa akizunguka akiswali, Amida akashuka akatangulia, na Yokan aliposimama kwa mshangao, Amida aligeuka na kumwambia amechelewa. Ukisimama ubavuni mwa sanamu, si mbele yake, ndipo macho yake yanapokukuta.

Mambo ya mwili yasipuuzwe. Viatu huvuliwa mara nne au tano kwa siku, basi vaa vya kuchomoa bila kamba, na soksi nzima, nene, kwani sakafu ya mbao Novemba ni baridi ya kupanda hadi magotini. Usikanyage ukingo wa kitambaa wa mkeka wa tatami. Jiwe dogo lililofungwa msalaba kwa kamba nyeusi, likiwekwa katikati ya njia, linasema hapa hapapitwi. Halina maandishi wala mlinzi, na wageni wengi hulivuka bila kujua wamevunja mlango. Stendi za kamera hukatazwa karibu kila hekalu. Mabasi ya mji, yen 230, hukwama barabara za Higashiyama, na pasi ya siku ya basi peke yake haipo tena tangu 2024. Tumia ya basi na reli ya chini kwa yen 1,100, au treni. Tofukuji ni kituo kimoja tu kutoka Kituo Kikuu cha Kyoto, na hufungua saa 2:30 asubuhi mwezi huo.

Hekalu mbili kwa siku zinatosha, moja asubuhi magharibi, moja alasiri mashariki. Kwenye kila moja tafuta ubao wa baraza uliochakaa kuliko nyingine zote, umeng'arishwa na migongo na magoti ya waliotangulia. Hapo ndipo bustani ilipopimiwa. Kaa dakika 20. Kwa dakika tano za mwanzo utaona rangi. Baadaye kivuli kitasogea, tawi moja litazimika na la nyuma yake kuwaka, na utagundua kwamba wekundu ule ulikuwa unahitaji kijani cha msonobari na kijivu cha jiwe ili uonekane mwekundu.

Kama uhuru wako wa tarehe ni mkubwa, nenda baada ya tarehe 5 Desemba. Foleni zimekwisha, bei za vyumba zimeanza kushuka, juu ya matawi kumebaki theluthi ya majani na chini kuna zulia. Kwenye mahekalu madogo ya mitaa ya Ichijoji na Shugakuin, watunza bustani huanza kufika na ngazi zao, na mmoja akiwa juu ya momiji utasikia jani la mwisho la tawi likianguka kabla ya mlio wa mkasi.